Nimefunga mlango kwa mashine zisizotimiza masharti, aliyekaa nje ni mhasibu wa Chake siku ya mshahara

Fundi wa Shangani:

Assalaam alaykum nyote. Mkitaka kunicheka nichekeni kwanza, halafu mnisaidie.

Mie ni fundi kompyuta, peke yangu, kwenye kampuni ya mahoteli. Ofisi kuu ipo Mji Mkongwe, hoteli mbili ziko kaskazini, na Chake Chake tuna kiofisi cha vyumba viwili kinachoshughulikia manunuzi na hesabu za Pemba. Akaunti 64. Laptopu ni za kampuni, simu ni za watu wenyewe. Tunalipia Microsoft 365 Business Premium, ambayo ndani yake imo Intune (ya kusimamia laptopu na simu kwa mbali) na yale masharti ya kuingia ya Entra (mfumo wa akaunti wa Microsoft), lakini miaka miwili vitu hivyo vilikaa kama sahani za wageni: vimo kabatini, havitumiki, na kila mwezi tunavilipia.

Mwaka jana meneja mmoja alisahau laptopu kwenye daladala ya 116. Diski haikuwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski asiyehusika asisome kilichomo. Ndani mlikuwa na pasipoti za wageni zilizopigwa skani, mikataba ya mawakala, na barua pepe inayofunguka bila kuulizwa chochote. Nilikesha nikimtoa kwenye akaunti kila mahali alipoingilia na kubadilisha maneno ya siri. Asubuhi kondakta, Mungu amjaze kheri, akaileta mwenyewe imefungwa kwenye kanga. Lakini bosi alishaingiwa na hofu, akaniambia hili asilisikie tena.

Nikaandika sheria. Barua pepe, Teams na mafaili havifunguki ila kutoka kwenye mashine iliyosajiliwa Intune na iliyotimiza masharti: Windows 11 (ile 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025), diski yenye BitLocker, antivirusi iliyo hai, na neno la siri la kufungulia. Simu nazo zisajiliwe, zisiwe zimerutiwa (yaani kuvunjwa ulinzi wa kiwandani). Nikaiwasha Jumapili baada ya Isha, watu wote kwa mpigo, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikaanza. Nilikuwa nimesahau kwamba ni siku ya mishahara.

Bi mhasibu wa Chake ndiye wa kwanza. Mama mtu mzima, simjibu ila kwa "labeka". Ukurasa wa Microsoft ulimwandikia kwa Kiingereza kwamba kutoka hapo alipo hawezi kufika anakotaka kwenda. Akanisomea neno kwa neno, halafu akaniuliza: "Mwanangu, mie nipo Chake, nimekaa kwenye kiti changu, naitaka orodha ya mishahara. Ni wapi huko nisikofika?" Sikuwa na jibu. Laptopu yake ni mpya, Windows 11, na BitLocker nilimwashia mimi mwenyewe kwa mbali Alkhamisi. Alama ya kufuli kwenye diski anaiona. Lakini Intune inasema BitLocker hakuna.

Wa pili ni kijana wa mauzo kwenye hoteli. Yeye Intune inamwonesha kijani tupu, hana kosa hata moja, na bado kafungiwa. Outlook iliyomo kwenye laptopu inafunguka, akienda kwa Chrome anakataliwa.

Wa tatu ni mpishi mkuu, na huyu hakuwa na tatizo la mashine. Alisoma maelezo ya kusajili simu akanijia hadi mlangoni: "Hii nimeinunua Darajani kwa pesa yangu. Picha za wanangu zimo humu. Leo unataka kuitia mkono?"

Saa nne na dakika arobaini niliizima sheria yote, kwa sababu mishahara ilikuwa lazima iende benki kabla ya saa sita. Na hapo nikagundua kwamba hata kuizima nilibahatika. Akaunti yangu ya uongozi nayo ilikuwa ndani ya sheria ileile. Kama laptopu yangu ingeshindwa sharti moja, ningekuwa nimejifungia ndani na ufunguo nimeutupa baharini.

Sasa nataka kuiwasha tena, safari hii kwa akili. Bi amekosa nini? Yule wa Chrome je? Na simu za watu mnazifanyaje? Mkiniambia "waelimishe watumiaji" nitashukuru, lakini nataka na la kufanya.

Mchuma Karafuu:

Waalaykum salaam. Tumecheka, tumemaliza.

Wete tulipita hapohapo, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeungua. La Bi ni rahisi. Muulize laptopu yake aliiwasha upya lini mara ya mwisho. Sikwambii kuifunika, wala kuizima. Kuiwasha upya.

Intune ina njia mbili za kuuliza habari za diski. Ipo ile ya "afya ya kifaa" inayotaka BitLocker, na hiyo haiangalii diski muda huu, inasoma ripoti ya jinsi mashine ilivyoamka. Ukiwasha BitLocker Alkhamisi na mashine haijaamka upya, ripoti yake bado ni ya Jumatano, diski ilipokuwa wazi. Ipo nyingine, chini ya usalama wa mfumo, inayouliza tu kama diski imesimbwa; hiyo haisubiri kuamka. Wewe bila shaka umechagua ile ya kwanza. Si vibaya, ndiyo yenye nguvu zaidi, ila lazima watu waambiwe waristati. Na huku kwetu nani anaristati? Mtu anafunika laptopu Jumatatu anafunua Jumanne, mwezi unakwisha. Hata wanaozima, Windows ina ule mtindo wa kuamka haraka, ambao unaipumzisha tu bila kuizima yote. Bonyeza kuristati, basi.

Akimaliza, afungue Company Portal (programu ya Intune iliyomo kwenye mashine yake) abonyeze kitufe cha kusawazisha. Mashine huripoti zenyewe kila baada ya saa nane hivi, sasa ukimwacha asubiri atasubiri mpaka Alasiri huku wewe unatukanwa.

Kijana wa Chrome: mashine yake haina kosa, ila Chrome haiitambulishi. Brauza ikifika mlangoni lazima iseme "mie natoka kwenye mashine fulani". Edge husema yenyewe mtu akiwa ameingia kwa akaunti ya kazini. Chrome mpaka uiwekee kile kiongezo cha Microsoft cha kuingilia, au uiwashie kwa sera (jina lake CloudAPAuthEnabled, inafanya kazi kuanzia Chrome 111). Firefox ina kisanduku cha kutia tiki kwenye mipangilio. Na dirisha la faragha huwa halipiti, usihangaike nalo. Sisi tulipoteza siku tatu kwa hili. Tukasajili upya laptopu kumi na moja bure, tena moja tukaifuta kabisa, kumbe mtu anatumia Chrome. Mpaka leo nikiona ile duara yake ya rangi nne moyo unanienda mbio.

Mambo mawili hukuyauliza ila nakupa.

Akaunti za dharura. Tengeneza mbili, majina yasiyo ya mtu, zisiguswe na sheria hii, maneno ya siri marefu yaandikwe karatasini yafungiwe kwenye sefu, moja Mjini na moja Chake. Weka na tahadhari ya kukupigia kelele siku mtu yeyote akizitumia.

Halafu nenda kwenye mipangilio ya jumla ya Intune uangalie mashine isiyopangiwa sharti lolote inahesabiwa vipi. Ilivyokuja kutoka kiwandani, inahesabiwa imetimiza. Yaani Bi mwenye laptopu mpya anakaa nje, na kompyuta iliyosajiliwa ukaisahau kuipangia masharti inapita kifua mbele. Igeuze.

Na usiwashe tena kwa mpigo. Sheria ina hali ya kuripoti tu. Inatazama kila anayeingia, inaandika "huyu ningemkataa", inampitisha. Iache hivyo wiki mbili, usome majina. Ungeyasoma Alkhamisi ungemwona Bi.

Mapokezi Kaskazini:

Samahanini, mie si fundi. Mie niko mapokezi kwenye hoteli nyingine, si yenu. Nimeingia kwa sababu ya huyo mpishi, maana ndugu zangu mafundi mnampita haraka.

Kazini kwangu kwa zamani tuliletewa karatasi ya kusaini, ukurasa mmoja wa Kiingereza, kwamba simu zetu zitasimamiwa. Tukasaini, nani atakataa wakati msimu mkubwa unakuja? Mwenzangu mmoja alikuwa na iPhone, kanunuliwa na kaka yake aliyeko Oman. Akaacha kazi kwa heshima, kaaga, keki ikakatwa. Kesho yake simu ikajizima, ikawaka nyeupe, inamuuliza achague lugha. Kila kitu kimekwenda. Picha za arusi yake. Sauti za mama yake, na mama alishakufa. Aliporudi kuuliza akaambiwa samahani, kuna vitufe viwili na kijana kabonyeza kimoja badala ya kingine.

Sasa mpishi akikwambia "unataka kuitia mkono", usidhani hajui teknolojia. Pengine yeye ndiye anayejua. Mie leo nikiambiwa nisajili simu nitauliza: mtaona nini, hamtaona nini, na siku nikiondoka mtafuta nini. Nijibiwe kwa Kiswahili, kwa maandishi. Nikikosa jibu, nipeni simu ya kazini, au mniache nisome barua pepe kwenye kompyuta ya mapokezi.

Na hilo la Bi kusomewa Kiingereza kwamba hawezi kufika anakokwenda, jamani. Mie ningelia.

Mchuma Karafuu:

Dada, sina cha kukupinga. Vitufe hivyo navijua, Wipe na Retire, vinakaa jirani kama mlango wa choo na wa jiko. Retire kinatoa vitu vya kazini tu, Wipe kinairudisha simu ilivyotoka dukani. Kwenye iPhone iliyosajiliwa nzima vyote viwili vinafanya kazi, ndiyo yaliyompata mwenzako. Aliyebonyeza angepaswa kuulizwa mara mbili na mtu, si na mashine.

Kijana wa Michenzani:

Naongezea hapo kwenye simu, maana ndiyo kazi yangu.

Fundi, kwa simu za watu usidai zisajiliwe. Acha simu, linda programu. Intune inakuruhusu kuweka masharti ndani ya Outlook na Teams peke yake: inaomba PIN yake, inakataa mtu kunakili maneno ya barua pepe kuyabandika WhatsApp, inakataa kuhifadhi faili nje ya sehemu ulizoruhusu, inakataa simu iliyorutiwa au yenye Android kuukuu. Simu yenyewe huigusi. Mtu akiondoka unafuta data ya kazini iliyomo kwenye programu hizo, basi. Picha za arusi ziko salama kwa sababu huna kabisa mkono wa kuzifikia. Kwenye masharti ya kuingia, kwa simu badala ya "kifaa kilichotimiza" unachagua "programu iliyolindwa".

Jambo moja litakuletea kesi usipolieleza mapema. Kwenye Android mtu atadaiwa aweke Company Portal hata kama hasajili chochote. Ni kipande tu kinachohitajika kiwepo. Kwenye iPhone kazi hiyo inafanywa na Authenticator, ile programu ya Microsoft ya kuthibitisha anayeingia. Mpishi akiona Company Portal atasema umemdanganya. Mwambie kabla.

Kama kuna meneja anayehitaji zaidi ya hapo kwenye Android, mpe kile kisanduku cha kazi kinachojitenga ndani ya simu, programu zake zina alama ya mkoba. Upande wa kwake huoni meseji, picha, wala nani kampigia. Unaona aina ya simu, toleo la Android na programu za upande wa kazi. Ukifuta, kinaondoka kisanduku.

Kwa Chake, swali langu ni moja: intaneti yenu ya nini? Kama ni bando, usiwalazimishe mashine zote ziende Windows 11 siku moja. Ni GB kadhaa kwa kila moja, mtaliwa bando kabla ya adhuhuri. Washa ule utaratibu wa mashine kugawana apdeti zenyewe kwa zenyewe ndani ya ofisi: moja ikishashusha, nyingine zinachukua kwake. Na kabla ya hapo tazama prosesa. Za Intel chini ya kizazi cha nane, karibu zote Windows 11 haizikubali rasmi, na mashine isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) vilevile.

Fundi wa Shangani:

Yakhe Mchuma Karafuu, nimempigia Bi. Nikamwambia, "Bi, naomba uristati." Kimya. "Uizime uiwashe, lakini kwa kile kitufe cha kuwasha upya." Akasema, "Hii mwanangu tangu uliponiletea haijazimwa, naogopa ikizimwa hesabu zitapotea." Wiki ya tano! Aliristati, akabonyeza kusawazisha, nusu saa baadaye kijani. Akaniuliza kama ndiyo hilo tu lililomtesa Jumatatu nzima. Nikasema ndiyo. Akasema "haya", ile haya unayoijua ukilelewa na mtu wa Pemba.

Chrome nayo ni kweli. Kijana kafungua Edge kapita hapohapo. Sera ya Chrome nimeishusha kwa laptopu zote.

Dada wa Mapokezi, nimesoma maneno yako mara tatu. Sikuwahi kufikiri siku ya mtu kuondoka. Kusema kweli nilifikiria siku ya laptopu kupotea tu, na simu nikazitia kwenye kapu lilelile kwa sababu fomu ina visanduku vyote pamoja, kutia tiki ni rahisi.

Chake tuna bando, na zile dasitopu mbili za stoo ni kizazi cha sita. Haziendi Windows 11. Niliuliza habari za kulipia masasisho ya ziada ya Windows 10: dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili bei inakuwa mara mbili. Kwa mashine ambayo keyboard yake haina herufi M. Bosi anaona bora zinunuliwe mpya, mie sibishi.

Fundi wa Shangani (wiki tatu baadaye):

Narudi na habari, maana watu huuliza humu wakapotea.

Nimeiacha katika hali ya kuripoti siku kumi na nne. Siku ya kwanza ingewakataa watu 23. Tisa walikuwa hawajaristati. Sita ni Chrome. Wanne ni laptopu zilizokuja na Windows ya Home, ambazo haziungi kwenye Entra inavyotakiwa; hizo ni kosa la aliyenunua, na aliyenunua ni mimi. Wawili ni wale wa stoo. Mmoja saa yake ilikuwa nyuma kwa siku nzima, betri ndogo ya ubaoni imekufa. Na mmoja, msinicheke tena, ni bosi: alikuwa anasoma barua pepe za kampuni kwenye kompyuta ya mwanawe wa skuli, nyumbani. Kwa sheria niliyoiandika kwa amri yake, yeye ndiye hatari kuliko wote. Nilimpelekea jina lake kwenye karatasi pamoja na mengine, sikusema neno. Siku hizi anatembea na laptopu yake.

Jumatatu iliyopita nimeiwasha kwa kweli, ofisi ya Mjini kwanza. Chake wiki ijayo, baada ya mishahara safari hii. Mashine ikipoteza sharti sasa inapewa muhula wa siku tatu kabla haijafungiwa, na mwenyewe anapata barua pepe. Simu hakuna iliyosajiliwa; Outlook na Teams zina PIN. Nimeandika na karatasi ya Kiswahili, tunaona nini, hatuoni nini na mtu akiondoka tunafuta nini; mpishi alikaa na mimi barazani tukaisoma mstari kwa mstari. Akanionesha kipengele kimoja nilichoandika "kampuni inaweza", akasema andika inaweza nini. Nikaandika.

Barua ya mtu anayeingia kwenye muhula nimeiandika hivi, niambieni:

"Kifaa chako kimepungukiwa na sharti moja. Bado unaweza kufanya kazi kwa siku tatu. Fanya hivi: hifadhi kazi zako, bonyeza kuwasha upya (si kuzima, wala si kufunika), kikiwaka fungua Company Portal ubonyeze kusawazisha, kisha subiri nusu saa. Ikishindikana nipigie mimi, wakati wowote kabla ya saa nne usiku. Hesabu zako hazitapotea."

Mstari wa mwisho ni wa Bi.

Mapokezi Kaskazini:

Nzuri. Ila toa "kifaa" uandike "laptopu". Mimi nimesoma mara ya kwanza nikadhani ni friji ya jikoni.